Ristori wa Kizuka

Warundi hawarithishani majina. Baba ana lake, mama ana lake, na watoto wao kila mmoja ana lake asiloligawana na yeyote mle ndani, kiasi kwamba mgeni akitaka kujua nani ni ndugu wa nani inabidi akae chini, anywe maji, aulize. Mtoto hupewa jina kufuatana na yaliyowakuta wazazi wakati ule: njaa, vita, majirani wenye kijicho, au shukrani kwa Mungu. Habari ni ya wazazi, mzigo ni wa mtoto. Melkiades wa Kizuka alikuwa ameubeba wake kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuupenda hata siku moja.

Jina lake la Kirundi lilikuwa Shumbusho. Huko milimani juu ya ziwa, ambako mama yake Zipora alizaliwa, mtu akifiwa na ng'ombe, jirani yake haji na pole tupu. Anamletea ng'ombe wake mwenyewe, akae mahali pa yule aliyekufa, ili zizi lisibaki na pengo. Huko ndiko kushumbusha, na kinachotolewa ndicho shumbusho. Sasa mtu akifiwa na mtoto, jirani atamletea nini? Hilo anaachiwa Mungu. Mtoto akizaliwa baada ya msiba watu husema Mungu ameshumbusha, mtoto anaitwa hivyo, na kila anayemwita anamkumbusha kwamba yeye yupo kwa sababu kuna mwingine hayupo.

Aliyekuwa hayupo aliitwa Yonasi. Mwaka wa tisini na sita, vita ilipoingia kwenye michikichi ya Kizuka, Zipora na mumewe Revokatus walishika njia ya kusini kwenda Tanzania pamoja na majirani wote. Walipofika Kabonga, karibu na mpaka, milio ya risasi ilikuwa nyuma yao na mitumbwi ilikuwa michache. Mwenye mtumbwi mmoja alikuwa akipokea watoto peke yao. Zipora alimpandisha Yonasi, ambaye hakuwa ametimiza miaka minne, akampakatisha msichana asiyemjua, akamwambia mtoto kwamba mama anakuja na mtumbwi unaofuata. Upepo ukageuka. Mtumbwi ule haukuonekana tena upande wa Kigoma, na baada ya muda watu wakaleta habari kwamba ulizama. Zipora na Revokatus walivuka mpaka kwa miguu, wakafika kambini Mtabila, wakakaa matanga bila maiti. Miaka miwili baadaye akazaliwa Melkiades.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Zipora alimlea mtoto huyu wa pili kwa bidii ya kutisha. Alimlisha mpaka akatapika. Akipata homa, mama hakufumba macho. Hakumruhusu kusogelea maji hata waliporudi Burundi, akawa kijana wa pwani ya ziwa asiyejua kuogelea, wenzake wakimcheka mpaka wakachoka. Hayo yote ni mapenzi, nani atabisha? Lakini alipomtazama, alimtazama kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama yule anayemngoja amefika. Melkiades alipofaulu mtihani, mama alisema Yonasi naye alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Alipoanza kuota ndevu, mama alisema za Yonasi zingekuwa nyingi zaidi, kwa sababu alizaliwa na nywele kichwa kizima. Akiwa amechoka alimwita Yonasi moja kwa moja, na Melkiades alijifunza kuitika. Revokatus ndiye aliyekuwa akimkonyeza na kumwambia avumilie, naye alifia kambini kabla hawajarudi.

Kwa hiyo usimwone mwanamume mwenye mabega mapana akichochea moto chini ya pipa ukadhani hana analolililia. Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja tu: mama yake amtazame siku moja bila kumtafuta mtu mwingine usoni mwake. Wenzake walikwenda Bujumbura, wengine Dar es Salaam, yeye akabaki Kizuka akichemsha ngazi, yale matunda mekundu ya michikichi, na kukamua mawese kwa presi ya mkono nyuma ya nyumba. Alisema anabaki kwa sababu mama ni mzee. Kweli alikuwa akingoja. Mtoto ni mtoto hata akiwa na upara.

Aliyeleta habari alikuwa Humoud, mwenye duka la Rumonge mjini aliyekuwa akinunua mawese yao. Ukoo wake wa Kiarabu umekaa pwani ile tangu enzi za mababu wa mababu, na yeye mwenyewe anakijua Kirundi kuliko mashangazi wengi wa Kizuka. Padri akitafuta mtu hutuma neno kwa wenye maduka, kwa maana hao ndio wanaomjua kila mmoja. Asubuhi ile Humoud hakunusa mafuta wala hakulalamika kwamba yana maji, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alimvuta Melkiades kando ya presi.

"Melki, iko mama moja muzungu kule paroisse, kwa padri," alisema. "Ya Italia. Anatafuta bantu ya Kizuka yenye walipakiza mutoto mu pirogue, pale Kabonga, wakati ya vita. Mutoto jina yake Yonasi."

Melkiades aliuliza huyo mtoto yuko wapi. Humoud aliangalia viatu vyake vilivyojaa matope ya barabara.

"Alikufa mwaka jana," alisema. "Ni huyo mama alimulea. Alikuwa mwanaume muzima."

La kwanza Melkiades alilolihisi lilikuwa nafuu, na nafuu ile ilimtia haya yeye mwenyewe kabla haijatua. Amekufa, basi haji. La pili lilikuja polepole likakaa kifuani. Miaka yote ile Yonasi alikuwa hai. Alikuwa akila, akikua, akinyoa ndevu zake nyingi, na huku Kizuka kulikuwa na mtu ameletwa duniani kujaza pengo ambalo halikuwapo. Alimshukuru Humoud, akamsaidia kupakia madumu, akasikia kwamba mgeni ataletwa baada ya saa za adhuhuri, na wakati wote mikono yake ilikuwa ikifanya kazi bila yeye.

Aliwaza kumficha mama. Aliwaza kumwambia Humoud aseme kwamba watu hao hawapo tena. Halafu akaingia jikoni akamwambia yote kwa pumzi moja, kwamba mtumbwi haukuzama na watu wake wote, kwamba Yonasi alilelewa na wazungu, kwamba amekufa mwaka jana. Zipora alikuwa akichambua mboga za lengalenga. Hakupiga yowe. Aliuliza tu alikuwa mrefu kiasi gani, na Melkiades akajibu kwamba hajui.

Kisha Zipora aliinuka akafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa. Akachinja jogoo. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akajifunga kilemba, akatoa viti vitatu vya plastiki akavipangusa. Melkiades alimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa mgeni anayeleta msiba. Zipora alimjibu kwamba huyo si mgeni, ni mwenzake. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Melkiades, akimtazama mama yake akihangaika kama mtu anayengoja harusi, aliomba Mungu methali hiyo isiwe na mzaha.

Humoud alimleta mgeni kwenye pikapu yake, lakini hakushuka. Ziwa lilikuwa limepanda tena na kumeza kipande cha barabara, na alitaka kufika Nyanza-Lac kuchukua ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, na kurudi kabla jua halijashuka. Akasema atampitia mama huyo akirudi, akaondoa gari. Hivyo ndivyo Melkiades alivyobaki peke yake kati ya wanawake wawili ambao hawakuwa na lugha moja, na kila neno lililotoka kwa huyu kwenda kwa yule lilipita kinywani mwake. Kifaransa alikuwa amekipata kwa shida, aliporudi kutoka kambini akiwa mvulana mkubwa na kukalishwa darasani na watoto wadogo waliomwita Mtanzania.

Mgeni aliitwa Elda. Alikuwa mzee, mrefu, mwembamba, nywele amezikata fupi, na alisalimia "amahoro" kwa uangalifu, kama aliyefanya mazoezi njiani. Zipora alimkumbatia muda mrefu. Walikaa, wakanawa, wakala jogoo na ugali, na ndipo Elda akaanza kueleza.

Yeye na mumewe, ambaye alikuwa daktari, walifanya kazi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Wavuvi waliwaletea watoto wachache waliookotwa majini, na mmoja wao alijua mambo matatu tu: kwamba anaitwa Yonasi, kwamba kwao ni Kizuka, na kwamba mama anakuja na mtumbwi unaofuata. Melkiades alipofika hapo katika kutafsiri alilazimika kuanza upya. Elda aliendelea kwamba mtoto alikaa ufukweni kila siku akitazama maji mpaka vita ikafika na huko pia, na wazungu wakaondolewa kwa ndege. Walikuwa wameulizia habari za Kizuka mara moja, wakajibiwa kwamba hakuna aliyebaki. Hawakuulizia mara ya pili, na Melkiades aliona kwamba mama huyu hapati usingizi mzuri kwa sababu hiyo, na hakumwonea huruma.

Zilitoka picha. Yonasi mdogo juu ya theluji. Yonasi na baiskeli. Yonasi mtu mzima, mrefu kweli, akicheka, mkono wake umekaa juu ya meza. Zipora aliushika ule mkono wa kwenye picha kwa kidole. Palikuwa na kovu pana karibu na kiwiko, mahali ambapo mawese yanayochemka yalimrukia siku Zipora alipokuwa amegeuka kuchukua kuni. Hapo ndipo alipolia. Alilia bila sauti, machozi yakishuka mpaka shingoni, na hakuyafuta kwa sababu hakutaka kuiachia picha.

Alipotulia akawa na maswali. Alikuwa akila vizuri? Alikuwa na marafiki? Elda aliwahi kumpiga? Elda alijibu yote, hili la mwisho kwa kutikisa kichwa mara nyingi. Zipora akauliza kama aliogopa maji. Elda akasema hapana, alikuwa mwogeleaji hodari, hata akawa akifundisha watoto wa watu kuogelea. Melkiades, ambaye hakuwahi kuruhusiwa kulowesha magoti yake, alilitafsiri hilo neno kwa neno. Zipora alicheka kidogo, kicheko cha kwanza mwanawe kukisikia tangu mvua zianze.

Halafu wakafika kwenye kifo. Yalikuwa maradhi ya damu, yalimla mwaka mzima. Siku za mwisho alimwomba Elda aende Kizuka akamwambie mama yake, kama yupo, kwamba mtumbwi wa kwanza ulifika. Walimzika kijijini kwa mume wa Elda, kando ya mtoto mwingine.

Melkiades hakulitafsiri hilo la mwisho. Aliuliza kwanza, mtoto gani mwingine. Elda alisema wao walikuwa na mvulana wao wa kuzaa, akafa akiwa na miaka mitano, mwaka mmoja kabla hawajaenda Kongo. Alisema ilikuwa ndiyo sababu ya kwenda, na kwamba wavuvi walipomwekea Yonasi mikononi alihisi kwamba amerudishiwa. Alisema hivyo akitazama mikono yake. Sasa mume pia amekufa, na yeye amebaki peke yake. Hayo Melkiades aliyatafsiri.

Zipora aliuliza juu ya kaburi wameandika jina gani. Yonasi Ristori, alisema Elda.

"Ristori ni kusema nini?" Zipora akauliza.

Hilo ni swali la Mrundi. Kwetu jina lisilo na maana ni kama chungu kisicho na kitako, na Zipora hakuweza kumwacha mwanawe alale chini ya neno asilolielewa. Elda alishangaa kidogo, akasema kwao watu hawaulizani hivyo. Jina la ukoo linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, karne kwa karne, watu wanalivaa kama koti la urithi bila kujua nani alilishona. Lakini hili analijua, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa akipenda kulieleza. Zamani sana, huko kwenye milima yao, mtoto akifa na mwingine akazaliwa, wazazi walimwita huyu wa pili Ristoro. Maana yake ni kile anachorudishiwa aliyepotelewa. Watoto wa mtu kama huyo wakaitwa kwa jina lake, na wajukuu, na vitukuu, mpaka likawa jina la watu ambao hawakuzaliwa mahali pa mtu yeyote.

"Yonasi aliijua maana hiyo akiwa kijana," alisema Elda kwa Kifaransa chake kilichochoka. "Akaniambia: mama, humu ndani Ristori wa kweli ni mimi peke yangu. Hakuwa akicheka."

Tangu azaliwe Melkiades alikuwa amemchukia mtu huyu, amemchukia kwa siri na kwa haya, kama mtu anavyoweza kumchukia marehemu. Na kumbe yule naye, ng'ambo ya dunia, alikuwa amekalia kiti cha mtoto mwingine, akiitwa kwa jina lilelile, akitazamwa na macho yaleyale. Katika watu wote walio chini ya jua, huyo mmoja ndiye angemwelewa bila kuelezwa. Alitamani wangepewa alasiri moja tu pamoja, wakae ukingoni mwa ziwa, hata bila kusema. Uchungu wa kumkosa Yonasi ulimpata siku hiyo kwa mara ya kwanza, na ulikuwa wake mwenyewe, si wa mama.

Zipora alimgusa goti. Akauliza huyu mama amesema nini.

"Amesema Ristori maana yake Shumbusho," alijibu Melkiades.

Zipora alimwangalia Elda muda mrefu sana.

"Hata kwao iko?" aliuliza.

"Iko, Mama."

Zipora alikusanya sahani akaenda kuziosha kando ya tangi la maji. Elda alipoona amesogea, alimgeukia Melkiades akaanza kusema haraka haraka, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kwamba akipunguza mwendo atashindwa kumaliza. Alisema masikio ya Melkiades ni ya Yonasi, na namna ya kuinamisha kichwa. Alisema nyumba yake ni kubwa na chumba kile hajakigusa. Jina la Ristori linakufa na yeye, hana wa kumwachia chochote. Je, hangekubali kuja? Si kwa kumnyang'anya mama yake, Mungu apishe mbali, ila kwa miaka michache, asome, apate karatasi, alichukue jina. Mama yake angetunzwa, asingekamua mawese tena. Akamwomba amuulize mama.

"Muulize tu," alisema. "Akikataa sitasema tena."

Zipora akauliza kutoka kule kwenye sahani mgeni anataka nini. Melkiades alimjibu kwamba anamsifu jogoo.

Alihitaji muda. Na tusimdanganye msomaji kwamba hakushawishika. Vijana wa Rumonge wangelivuka ziwa lile kwa kuogelea kama ng'ambo kungekuwa na nusu ya alichoahidiwa. Alijiona kwenye ndege. Alijiona akiitwa Ristori, akilala kwenye kitanda cha Yonasi, ambacho kabla ya Yonasi kilikuwa cha mwingine. Halafu akamtazama yule mama mzee mwenye macho mekundu na akakuta hamtazami yeye. Alikuwa akitazama masikio yake.

Zipora alirudi akijipangusa mikono kwenye kitenge. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe, akaweka mkono juu ya bega lake, na Melkiades alihisi jinsi ulivyokuwa baridi kwa maji.

"Muambie hivi," alisema. "Kwetu mutu akipoteza, hatumuachi na zizi tupu. Yeye alinilelea wangu mpaka akamuzika, akamusafisha mwili, mimi sikuwepo. Sasa amebaki mikono mitupu. Na mimi niko na moja." Mkono ulikaza bega. "Ni wewe. Muambie akuchukue."

Melkiades hakugeuka. Alimuuliza mama yake kama anajua anachokisema.

"Najua. Baba yangu alitoa mutamba wake wa pekee, ule wa kwanza kuzaa, akampa mutu aliyefiwa na ng'ombe. Hatutoi kilema, mwanangu. Unatoa ule utakaoulilia. Muambie na hilo. Ataelewa, si jina yake ni hiyo?"

Kwa hiyo ikawa hivyo. Mmoja alikuwa akiomba, mwingine alikuwa akitoa, na hakuna kati yao aliyejua kuhusu mwenzake. Neno moja la Kifaransa lingetosha. Wangekumbatiana, wangelia, wangekubaliana, na yeye angevushwa kutoka zizi moja kwenda jingine kwa heshima zote. Mama alikuwa amesema utakaoulilia, na Melkiades alilisikia, si kwamba hakulisikia. Lakini aligeuza kichwa kumtazama alipokuwa akilisema. Macho ya Zipora yalikuwa kwenye picha aliyoiacha juu ya kiti chake, kwenye ule mkono wenye kovu. Angemlilia, ndiyo. Alijua vizuri mama yake anavyolia, na alijua pia kwamba wanaoliliwa hawatakiwi kuwepo.

Elda aliinua macho. Akauliza mama amesema nini.

"Anakushukuru kwa kumzika vizuri mwanawe," alisema Melkiades.

"Na lile nililoomba?"

Kifaransa chake, ambacho kwa kawaida kilikuwa kikimkwama, mara hii kilitoka sawasawa.

"Amesema hapana. Amesema mimi ni mtoto wake, hana wa kumweka mahali pangu."

Elda alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Hakujitetea. Aliinuka, akaushika mkono wa Zipora kwa mikono yake miwili, akaubusu, akasema "murakoze", asante, mara kadhaa, machozi yakimtoka. Moyoni alikuwa akiomba radhi. Zipora aliona mwanamke aliyepewa zawadi kubwa akiipokea kama inavyopasa kupokelewa, naye akainamisha kichwa, akasema asante kwa kupokea. Melkiades hakutafsiri tena. Hakukuwa na haja, kila mmoja alikuwa ameshaelewa anachotaka.

Zipora aliingia ndani. Pikapu ya Humoud ilisikika ikipanda kutoka barabarani, ikapiga honi, na Melkiades akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni mwa gari akamshika kiwiko pale penye utelezi. Picha zote Elda alikuwa ameziacha kitini. Alimtakia maisha marefu na mama yake. Humoud, aliyenuka ndagala, aliwaangalia wote wawili kwa udadisi lakini hakuuliza, akasema kuna giza la mvua upande wa Rumonge, akageuza gari.

Lilikuwa limeshapotea nyuma ya michikichi wakati Zipora alipotoka. Alikuwa amebeba begi. Lilikuwa lile begi la bluu walilorudi nalo kutoka kambini, na ndani yake, kwa kuwa zipu iliharibika zamani, yalionekana mashati mawili ya Melkiades yaliyokunjwa vizuri, suruali yake ya kanisani, na chupa ndogo ya mawese iliyofungwa kwa nailoni ili isivuje njiani. Alitazama barabara, akamtazama mwanawe.

"Mbona amekuacha?"

Angeweza kumwambia ukweli hata wakati huo. Humoud alikuwa na simu, gari lisingefika mbali na ile barabara. Lakini Melkiades alikuwa na jambo moja la kujua, na alikuwa amelingojea tangu akiwa mtoto wa kambini anayeitika jina lisilo lake. Alilisema polepole, kana kwamba bado anatafsiri.

"Amekataa, Mama. Amesema mutu hawekwi mahali pa mutu. Amesema Yonasi alikuwa Yonasi, na mimi ni mimi."

Zipora aliliweka begi chini. Alikaa kwenye kiti alichokuwa amekalia Elda, akaziokota picha, akazipanga juu ya mapaja yake. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kugusa matawi, na moto chini ya pipa nyuma ya nyumba ulikuwa ukifa bila mtu wa kuuchochea.

"Amesema kweli," alisema hatimaye, bila hasira, kama mtu aliyechoka kuficha jambo dogo. "Mimi nilijua siku ile ulizaliwa. Walikuweka kifuani, nikakufunua uso, nikaona si yeye."

Melkiades alisimama mbele yake akingoja. Neno kama lile lazima liwe na lakini yake, na hakutaka kumkatiza. Zipora aliipangusa picha moja kwa ncha ya kitenge, akainuka, akaingia nazo ndani kabla mvua haijaanza.